Kutoka Nta Hadi Memori Kadi

Mwaka 1909 jarida la Anthropos lilichapisha makala ya Erich von Hornbostel kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, ndugu na majirani wa Wasukuma. Hornbostel alikuwa mkuu wa Phonogramm-Archiv ya Berlin, hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900. Enzi hizo sauti ilichorwa kwenye silinda za nta. Silinda moja ilibeba dakika mbili hadi nne tu, na kila ilipochezwa sindano ilikula nta kidogo, kwa hiyo aliyesikiliza sana aliharibu sana. Mafundi wa Berlin walitafuta njia. Waliipaka silinda unga wa grafati, wakaitumbukiza kwenye maji yenye chumvi ya shaba, wakapitisha umeme mpaka shaba ikaganda juu ya mifereji ya sauti. Kisha nta ikaondolewa. Silinda ya asili iliangamia katika kazi hiyo, ikabaki ganda la shaba ambalo lingeweza kufyatulia silinda mpya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945 sehemu kubwa ya hifadhi hiyo ilichukuliwa na Wasovieti hadi Leningrad. Baadaye ikarudishwa Berlin Mashariki, na mwaka 1991 ndipo ilipoungana tena na iliyobaki upande wa Magharibi. Mwaka 1999 UNESCO iliiandikisha katika Kumbukumbu ya Dunia. Kama wangeitegemea nta peke yake, sidhani kama kungekuwa na cha kuandikisha.

Naanzia mbali hivyo kwa sababu habari ninayotaka kuieleza inadhaniwa kuwa ndogo: habari ya vijana wa Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita waliotunza nyimbo kwenye kompyuta kuukuu, kwa programu ambazo waliozitengeneza walikwisha kuziacha. Mimi naiona ni sura ya historia ileile ya shaba na nta. Muziki wa Usukumani umefika kwetu kwa kunakiliwa, na kila kifaa kilichoubeba kilifika siku kikashindwa kuendelea nao.

Kabla ya mashine, kifaa kilikuwa mtu. Usukumani ngoma zimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, kila upande ukijinasibisha na mwanzilishi wake, Ngika na Gumha. Ndani ya pande hizo wamo wacheza na nyoka wanaoitwa Bayeye, wamo wawindaji wa nungunungu, wapo wakulima wa bugobogobo wanaolima kwa mpangilio huku ngoma ikiwapigia hatua ya jembe. Manju anatunga, kundi linashika, na mashindano ya msimu wa mavuno yanafanya kazi ya mhariri: wimbo uliowavuta watu unarudiwa kijiji kwa kijiji, ulioshindwa unasahaulika. Njia hiyo ilihifadhi vizuri kile ambacho watu walikuwa bado wanakihitaji. Kazi ilipobadilika, wimbo wake ulibaki bila mwenyewe. Kijiji kinacholima kwa plau ya ng'ombe hakina sababu ya kukusanya watu hamsini waliosimama mstari mmoja na majembe.

Katika miaka ya 1950 watu wawili walilitambua tatizo hilo kwa namna mbili tofauti. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake ya kurekodi, na mwaka 1954 akaanzisha Afrika Kusini hifadhi iitwayo International Library of African Music, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Karibu na Mwanza, huko Bujora, Kisesa, Padri David Clement wa shirika la White Fathers, Mkanada, alichagua njia nyingine. Aliwakusanya wazee, akakusanya vyombo vya ngoma na vitu vya watemi, akaingiza ngoma za Kisukuma kanisani. Makumbusho ya Bujora yalikua kutokana na kazi hiyo, na Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma inayofanyika kila Juni baada ya sherehe ya Ekaristi, imeendelea mpaka leo. Tracey aliibeba sauti akaipeleka mbali, ikawa salama lakini nje ya masikio ya wenyewe. Clement aliiacha pale pale ikiwa hai. Njia zote mbili zilihitajika, na hasara yetu ni kwamba kwa miaka mingi hazikukutana. Mjukuu wa manju wa Bariadi hakuwa na namna ya kujua nini kilichohifadhiwa Afrika Kusini.

Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyozaliwa mwaka 1965 serikali ilipoichukua redio ya taifa, ndiyo iliyokuja kuwa ghala kubwa la tatu. Kwa miaka mingi bendi ikitaka kusikika haikuwa na studio nyingine nchini ya kukimbilia. Tabora Jazz, Western Jazz, vikundi vya ngoma kutoka mikoani, kwaya, wote walipitia kwenye rili za RTD. Hifadhi hiyo, ambayo sasa ni ya TBC, ni hazina isiyo na mfano nchini. Lakini rili ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na hewa yenye unyevu ya Dar es Salaam ni adui wa gundi. Tena hakuna njia ya mkato: rili ya saa moja huchukua saa moja kuihamishia kwenye kompyuta, hata mashine iwe bora vipi, na kabla yake kuna kuisafisha, kuiangalia, kuiandika. Mwaka 2012 vijana waliounda Tanzania Heritage Project walianza kutafuta fedha ili rili hizo zigeuzwe kuwa za dijiti, na watu wengi nje ya nchi ndipo walipojua zipo.

Wakati rili zikisubiri Dar es Salaam, huku kaskazini-magharibi mwa nchi mambo yalikwenda kwa kasi nyingine. Kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, iliwapa watu wa kawaida uwezo wa kurekodi ambao serikali ilikuwa nao peke yake. Machimbo ndiyo yaliyoisambaza. Katika miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Geita, Nyarugusu, Rwamgasa, Bulyanhulu, wakitoka kila pembe ya nchi. Penye duara, yaani shimo, lenye dhahabu paliota mji wa mabati na maturubai kwa majuma machache, na miongoni mwa biashara za kwanza, pamoja na mama lishe na duka la betri, ilikuwa redio kaseti kubwa yenye deki mbili inayonakili nyimbo kwa malipo. Mji ulipohama, kaseti zilihama kwenye begi. Wachimbaji walipoondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, muziki wao uliondoka nao kuelekea machimbo mengine. Muziki wa eneo hili ulijifunza mapema kuishi bila makao.

Kisha zikaja kampuni kubwa. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi karibu na Kahama mwaka 2009. Njia za umeme zilizovutwa, mishahara, na wafanyabiashara waliofuata mishahara vilileta kompyuta mpaka miji ambayo miaka mitano nyuma ilikuwa ikitumia jenereta ya petroli. Nyingi zilikuwa za mtumba, zilizotoka ofisini Ulaya, zikiwa na Windows XP ya mwaka 2001. Na ndani yake vijana waliweka vitu viwili: Winamp ya kuchezea nyimbo, na Nero ya kuchomea CD.

Inafaa kusimama kwa dakika chache mlangoni mwa kibanda walimouzia nyimbo hizo. Ni chumba cha upana wa hatua tatu, ukutani zimebandikwa picha za wasanii, nje ipo spika inayopiga tangu asubuhi. Mteja anafika na simu, anatoa betri, anachomoa memori kadi ndogo kuliko ukucha, anampa kijana. Kijana anaiingiza kwenye kisomeo, anafungua folda moja baada ya nyingine: Bongo Fleva, Zilipendwa, Injili, Kikongo, Taarabu, Kisukuma. "Unataka ipi, kaka?" Mteja hajui jina la wimbo, anaimba kipande cha kiitikio. Kijana anacheka kwa kuujua, anabofya, spika ya nje inapiga, mteja anatikisa kichwa kukubali. Kwa shilingi mia kadhaa anaondoka na nyimbo za kutosha safari ya kurudi machimboni. Kabla ya waya wa intaneti wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na kwa miaka mingi baada yake kwa mtu aliyeko Mgusu au Kakola, intaneti ya muziki ilikuwa ni kibanda hiki.

Kilichowezesha yote ni kubana. MP3, jina ambalo wahandisi wa Fraunhofer huko Ujerumani walilipa faili lao tarehe 14 Julai 1995, inatupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizitambui na kubakiza zilizosalia. Katika kiwango kilichozoeleka vibandani, kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakaa kwenye karibu megabaiti moja, na CD ya megabaiti 700 iliyokuwa ikibeba dakika 80 sasa inabeba zaidi ya saa 11. Hifadhi za kitaalamu hushauriwa kutumia sampuli 96,000 kwa sekunde zenye biti 24, ambapo saa moja ya stereo inakula takriban gigabaiti mbili. Saa ileile kibandani ilikula megabaiti 58. Mchimbaji anajua kwamba mchanga uliokwisha kuoshewa mwaloni bado una dhahabu, ndiyo maana mabaki hayo, marudio, yananunuliwa na kupelekwa kwenye sayanaidi. Faili lililobanwa halina marudio. Kilichotupwa siku ya kubana hakirudi, na likibanwa tena kutoka MP3 kwenda MP3, linazidi kupungua.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu vijana hao. Bila kubana, nyimbo za Kisukuma zilizorekodiwa kwenye studio ndogo za Mwanza, Shinyanga na Kahama zisingetoka nje ya studio hizo. Diski kuu ya gigabaiti 40 ilikuwa mali kubwa. Walichagua upana badala ya ubora, na upana ndio uliookoa.

Jambo ninalolisikitikia ni majina. Faili la MP3 la kizazi kile lilibeba mwishoni mwake kibandiko cha baiti 128 kiitwacho ID3, kilichobuniwa mwaka 1996. Kilikuwa na nafasi 30 za herufi kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji, 30 kwa albamu, nne kwa mwaka, na baiti moja kwa aina ya muziki, iliyochaguliwa kutoka orodha ya aina 80. Orodha hiyo ilianza na namba sifuri, ambayo ni Blues. Haikuwa na namba ya ngoma za Kisukuma kama wigashe au bugobogobo. Faili lililoachiwa sifuri na programu iliyolitengeneza lilisomeka kwenye simu kuwa ni Blues, na manju wa Kisukuma akaingia katika orodha moja na watu wa Mississippi. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni nafasi ya mwimbaji kubaki tupu, au kujazwa jina la kibanda na namba ya simu ya fundi kama tangazo. Nyimbo nyingi za harusi na za ngoma zilizunguka hivyo, zikijulikana kwa sauti na kutojulikana kwa mwenyewe. Nakala ilipona, mtunzi akapotea.

Na sheria ilikuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikaanza kazi mwaka 2001. Wasanii walilalamika, na walikuwa na haki: kila memori kadi iliyojazwa kibandani ilikuwa ni kaseti ambayo haikununuliwa. Ukitaka kuandika historia hii kwa uaminifu lazima uyaseme yote mawili kwa pamoja. Vibanda viliwanyima wasanii riziki yao, na ndivyo vilivyozibakiza kazi zao wakati maduka, studio na baadhi ya wasanii wenyewe hawakuwa na nakala tena.

Hatari iliyowasumbua wenye vibanda kila siku haikuwa sheria, ilikuwa virusi. Flashi na kadi zilipita kwenye mamia ya mashine, na Windows XP ilikuwa na tabia ya kuendesha yenyewe programu iliyoikuta kwenye flashi kupitia faili la autorun. Microsoft ilikuja kuizima tabia hiyo kwa sasisho la Februari 2011, lakini kompyuta isiyounganishwa na intaneti haikulipata. Kirusi kilichojulikana zaidi kilikuwa kile cha shotikati: unafungua kadi, folda zote zimegeuka vishale, ukibofya hakuna wimbo. Wengi walidhani nyimbo zimefutika, wakaifomati kadi, na hapo ndipo zilipofutika kweli. Nyimbo zilikuwepo muda wote, zimefichwa tu kwa kupachikwa alama ya faili la mfumo. Fundi aliyejua alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika attrib na alama zake za kutoa kufichwa, akasubiri, folda zikarudi moja moja. Ufundi huo ulifundishwa kwa mdomo kutoka kibanda hadi kibanda. Naamini amri hiyo ya mstari mmoja imeokoa muziki mwingi wa Tanzania kuliko mradi wowote wenye bajeti.

Waliokuwa waangalifu zaidi walitaka nakala rudufu ya kibanda kizima. XP ilikuja na programu ya kazi hiyo, NTBackup, iliyokusanya maelfu ya faili kuwa faili moja lenye mkia wa .bkf. Ilionekana ni jambo la busara. Lakini ilikuwa na mitego miwili. Wa kwanza ni wa mara moja: diski za nje na flashi nyingi zilifomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja kupita gigabaiti nne, kwa hiyo nakala ya maktaba kubwa ilikatika katikati. Wa pili ulisubiri miaka. Windows Vista, na Windows 7 baada yake, zilikuja bila NTBackup. Aliyepata kompyuta mpya akabofya .bkf yake aliambiwa hakuna programu ya kuifungua. Microsoft ilitoa chombo cha pembeni cha kurejesha faili hizo, ila mpaka ujue kwamba kipo, na uwe na intaneti ya kukipakua.

Linganisha na fundi mvivu, yule ambaye kila alipopata diski mpya alishika folda nzima akainakili kama ilivyo, akamwachia rafiki yake wa Katoro nakala nyingine, na binamu yake wa Kahama ya tatu. Hakuwa na programu ya nakala rudufu. Folda zake zinafunguka leo kwenye mashine yoyote, kwa sababu MP3 ni MP3 tu na folda ni folda. Winamp yenyewe ilikaribia kufungwa Desemba 2013 na AOL iliyokuwa ikiimiliki, ikauzwa mwezi uliofuata. Maktaba iliyopangwa kwa folda haikutikisika. Aprili 8, 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP, na vibanda vikaendelea kupiga. Mwaka 2017 Fraunhofer ilimaliza mpango wake wa leseni za MP3 kwa kuwa hataza zilikuwa zimekwisha, na leo mtu yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma bila kumwomba mtu. Nikiulizwa ni umbo gani lililoitetea sauti ya Usukumani, nitasema ni hili la kawaida lisilo na ufunguo wa mtu mmoja.

Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Simu za Kichina za spika kubwa, zilizopendwa machimboni kwa sababu zinasikika hata penye kelele za karasha za kusaga mawe, zilikatwa mtandao. Hazikukatwa muziki. Nyingi ziliendelea na kazi moja tu, ya kupiga nyimbo zilizomo kwenye kadi, zikichajiwa kwa sola.

Tangu hapo simu za kupangusa na vifurushi vya intaneti vimevifunga vibanda kimoja kimoja. Wasanii wa Kisukuma wanapandisha video zao YouTube wenyewe, na angalau jina la mwimbaji sasa linaandikwa na mwimbaji. Hayo ni maendeleo, na nayafurahia. Ila nyimbo za kati ya mwaka 2000 na 2015, za studio zilizokufa na vikundi vilivyosambaratika, hazikupandishwa zote. Ziko kwenye diski za kompyuta zilizowekwa stoo, chini ya mabati ya moto, au zilizouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. CD zilizochomwa kwa Nero hazisubiri: rangi inayobeba data ndani yake hufifia kwa mwanga na joto. Memori kadi isiyopewa umeme kwa miaka hupoteza chaji zake polepole.

Kazi ya kuziokoa haihitaji studio. Diski ya zamani inaunganishwa kwa kigeuzi cha IDE kwenda USB, ambacho madukani Kariakoo kinapatikana, inafunguliwa kwa kusomwa tu bila kuandikwa, na folda zinanakiliwa mara mbili kwenye diski mbili zitakazokaa nyumba mbili tofauti. Kama ipo .bkf, inafunguliwa kwenye kompyuta yenye XP kabla kompyuta hiyo haijafa. Faili halibanwi upya. Kisha inafuata sehemu ambayo hakuna programu inayoiweza: kukaa na watu wa Busanda, wa Salawe, wa Nyang'hwale, kuwapigia wimbo baada ya wimbo, kuuliza nani huyu, wa kijiji gani, ni Mgika au Mgalu, nani alimpigia ngoma, na kuyaandika majibu kwenye faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda ileile.